Mume wangu ataka saa ya milioni, na nyumba imeishia lenta

Asalaam aleikum Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimenuna, basi nikikosa adabu mahali unistahi.

Mimi na mume wangu tuna miaka kumi na moja katika ndoa, watoto watatu, na tumepanga hapa Majengo. Mume wangu ni ajenti wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ni mtu mzuri, simsingizii. Hanywi, hachezi kamari, na karo ya watoto hailali. Kiwanja chetu kiko Utange. Tulianza kujenga 2021. Bangili zangu nne ndizo zilizochimba msingi, kisha tukaenda polepole kila akipata. Nyumba ikafika lenta, ikasimama. Masika yameipiga, ndani kumeota magugu, na jirani aliniomba kwa heshima zote afunge mbuzi wake humo.

Mwaka huu mume wangu na nduguze wameuza shamba la marehemu baba yao huko Mtwapa wakagawana. Fungu lake, akishalipa madeni, limebaki milioni moja na laki tatu. Nikasema alhamdulillahi. Siku ileile nikampigia fundi. Akapiga hesabu ya mbao, mabati, milango na madirisha: laki sita na nusu.

Kumbe mume wangu naye ana hesabu yake. Ataka saa. Si ya ukutani, Shangazi, ya mkono! Rolex ya chuma, wala si ya dhahabu, na rafiki yake aliye Deira kule Dubai asema atamletea kwa milioni moja na laki mbili na nusu. Nilidhani anatania. Kisha nikaona usiku amelala upande, simu usoni, aangalia video za saa kama mtu anayeangalia picha za mchumba.

Nilipomuuliza, akanipa somo. Ati saa hizi hazishuki bei. Gari ukilitoa yadi tu limeshapoteza, lakini saa ya Uswisi waivaa miaka kumi na waiuza kwa faida. Ati ni kitega uchumi. Akanionyesha habari ya mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, ambaye saa yake ilipigwa mnada New York 2017 kwa dola milioni 17.75. "Waona?" akaniambia, kana kwamba na yeye kesho atapigiwa mnada.

Nikamuuliza, saa yenyewe yafanya nini? Yapiga simu? Yaingia intaneti? Hata betri haina! Mimi nina Casio niliyoinunua Digo Road na haijapata kunichelewesha popote. Akacheka, akasema sielewi mambo.

Mama mkwe asema nimwache, ni pesa ya babake. Dada yangu asema nikubali tu kisha na mimi nidai dhahabu. Mimi nimechoka.

Niambie ukweli, Shangazi. Saa hizi kweli zina thamani hiyo, au watu wanaibiwa mchana kweupe? Na je, nina haki ya kumkatalia?

Mama Watatu, Majengo

*

Waaleikum salaam, Mama Watatu.

Umenuna kwa haki. Lakini umeuliza maswali mawili ukayafunga kitita kimoja, na ukimwendea mumeo na kitita hicho atakushinda, kwa sababu upande wa saa anajua kukuzidi. Tuyafungue. Nianze na la saa, ambalo nalijua kiasi: marehemu baba yangu alikuwa fundi saa, na utotoni nilikaa sana miguuni pa meza yake nikikatazwa kukohoa. Ukikohoa, parafujo moja yaruka, na jioni nzima mwatambaa sakafuni kuitafuta kwa sumaku.

Ulivyosema "hata betri haina" ulidhani umeitukana. Mwanangu, hapo ndipo bei inapoanzia. Ndani ya saa hiyo hakuna umeme hata chembe. Kuna kamani, utepe mwembamba wa chuma, iliyokunjwa ndani ya kidebe kidogo, na ile kamani ikitaka kukunjuka yasukuma magurudumu. Ikiachwa huru itakunjuka yote mara moja na saa itaisha kazi. Basi huwekwa kizuizi, na kizuizi kile huamriwa na gurudumu la mizani, linalokwenda huku na kurudi, likipiga mara nane kwa kila sekunde katika saa nyingi za siku hizi. Mara 28,800 kwa saa moja, usiku na mchana, umelala au uko macho. Ndiyo maana ule mshale wa sekunde haurukiruki kama wa saa ya betri, wateleza. Na mkono wako ukitikisika, kuna kipande kizito ndani huzunguka na kuitia kamani ufunguo. Vipande vyote pamoja vyapita mia, vingine huvioni bila lenzi, vyazungukia juu ya vijiwe vya rubi ya kutengenezwa ili visilike. Yote hayo ndani ya kitu unachoweza kukifumba kwenye kiganja.

Mtu akikitazama kile kikitembea akapigwa na bumbuwazi, si mjinga. Nami hupigwa na bumbuwazi mpaka leo.

Sasa nikupe na silaha yako. Casio yako ya Digo Road yaishinda Rolex kwa kujua saa ngapi. Si maneno ya mkosaji sizitaki mbichi, ni hesabu. Uswisi kuna taasisi, COSC, inayopima mitambo ya saa siku kumi na tano, ikiwekwa mikao mitano na joto tofauti tatu. Inayofaulu hupewa cheti cha kronometa, na sharti la kufaulu ni isikawie zaidi ya sekunde nne wala isitangulie zaidi ya sekunde sita kwa siku. Rolex wenyewe hujibana zaidi, sekunde mbili mbele au nyuma kwa siku. Ni kazi ya ajabu kwa chuma na kamani. Lakini piga hesabu ya mwezi: sekunde mbili kila siku ni dakika nzima. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo nusu ya vijana wa Mombasa wamepata kuivaa, ilitoka 1989, na kampuni yasema haitapotea zaidi ya sekunde thelathini kwa mwezi. Betri yake huchukua takriban miaka saba. Bei yake ni ya kanga.

Wazungu wa Uswisi walilijua hili kwa uchungu. Tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani ilitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza kuuzwa madukani iendayo kwa jiwe la kwatsi, ambalo likipitishwa umeme wa betri hutetema kwa mpigo usiobadilika. Na usidhani ilikuwa rahisi: yeni 450,000, pesa ambayo Japani wakati ule ungepata gari dogo jipya. Miaka iliyofuata bei ya kwatsi ikaporomoka. Mwaka 1970 viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi kiasi cha 90,000. Katikati ya miaka ya themanini walikuwa wamebaki karibu theluthi moja. Watu wenye ufundi wa mababu walirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu kibati cha Japani kinajua saa ngapi kuwashinda.

Waliosalia wakafanya jambo la akili sana. Wengine waligeukia saa za plastiki za bei ndogo, ndiyo Swatch ya 1983. Wengine wakaacha kabisa kuuza wakati. Wakaanza kuuza mkono wa fundi, jina, na urithi. Mumeo leo hanunui kitu cha kumwambia saa ngapi. Simu yake itamwambia, na Magharibi huadhiniwa ukiwa na Rolex ukiwa huna.

Basi anunua nini? Hili nilifikirie na wewe kwa dhahabu, kwa kuwa wewe ni mtu aliyekaa mbele ya sonara ukajua macho yake yanatazama wapi. Ukinunua bangili walipa mambo mawili: uzito wa dhahabu, na ujira wa sonara. Siku ukirudi kuiuza, sonara aiweka kwenye mizani, akulipa uzito, na ule ujira wa nakshi na maua umekwenda na upepo. Kila mwanamke wa Mwambao alijua hili kabla hajaota jino la hekima. Sasa, saa ya chuma ya milioni moja na robo ni bangili isiyo na dhahabu. Chuma chake hata kikiwa cha aina bora ni pesa ndogo. Kioo cha yakuti ya kutengenezwa, kisichokwaruzika, ni pesa ndogo. Karibu bei yote ni ujira.

Na ujira ule sehemu ni halali. Kuna kazi ya kuchonga vipande, kuvipangusa kingo na kuving'arisha, kuvipima na kuvirudia. Saa za juu kabisa, kama zile za Patek Philippe, hung'arishwa kwa mkono hata pale ambapo mwenye saa hatapaona maisha yake yote isipokuwa fundi akiifungua. Kuna moja yao, Grandmaster Chime, ina mtambo wa vipande 1,366. Ilipigwa mnada Geneva Novemba 2019 kwa faranga milioni 31 za Uswisi, pesa zikaenda kwenye utafiti wa ugonjwa wa watoto. Hiyo sitabishana nayo. Watu wameketi miaka wakaichora.

Sehemu nyingine ya ujira ni ngoma na tarumbeta. Rolex imekuwa ikihesabu muda wa tenisi ya Wimbledon tangu 1978, na bango la pale halijilipii lenyewe; alipa anayevaa. Sehemu nyingine ni uhaba wa kupangwa. Ukienda duka rasmi utaambiwa ujiandikishe, usubiri, labda mwakani. Waweza kudhani zatengenezwa chache kama lulu, na ilhali inakadiriwa kiwanda hicho hutoa zaidi ya saa milioni moja kwa mwaka. Wanaozitaka ni wengi zaidi, hilo ni kweli. Lakini kitu cha milioni moja kwa mwaka si hirizi. Hata maneno "Swiss Made" yaliyoandikwa chini ya uso wa saa, sheria ya Uswisi tangu 2017 yataka angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza iwe ya huko. Asilimia nyingine arobaini yaweza kutoka popote.

Na sehemu kubwa kuliko zote ni hadithi. Sisi watu wa huku tuna mfano wetu. Serikali ya Sultani wa Omani ilikuwa ikiagiza Rolex zenye alama ya khanjari usoni, zikatolewa zawadi kwa watu waliotumikia vizuri. Mtambo ni uleule, chuma ni kilekile na saa nyingine ya mwaka huo. Lakini kale kajambia kadogo, kasikozidi punje ya mchele, kanaifanya ipiganiwe minadani kwa bei mara kadhaa ya mwenzake. Kama mzee yeyote wa familia yenu alifanya kazi Maskati miaka ya sabini akaacha saa kwenye kijaluba, mkatazame uso wake kabla hamjawapa watoto wachezee.

Saa ya Paul Newman ni hadithi vilevile. Mkewe alimnunulia, akamwandikia nyuma amri ya kuendesha gari kwa uangalifu, na mwanamume akaivaa miaka mbele ya kamera mpaka mtindo ule wa saa ukaitwa kwa jina lake. Zile dola milioni 17.75 zililipwa kwa Newman na mkewe. Mumeo, Mungu amzidishie umri, ni ajenti wa mizigo. Saa yake siku ikirudi sokoni itaitwa saa iliyovaliwa.

Basi jibu langu la swali lako la kwanza: watu hawaibiwi mchana kweupe, maana bei imeandikwa na hakuna aliyefungwa kamba. Lakini thamani ile haimo yote ndani ya saa. Nikuonyeshe kwa jirani. Seiko 5 ya Japani ina kamani, ina magurudumu, yajitia ufunguo mkononi, haina betri, na yapatikana kwa shilingi elfu thelathini, arobaini hivi. Tissot ya kamani, kampuni ya Uswisi ya tangu 1853, yapatikana kwa laki moja hivi. Kutoka hapo mpaka milioni moja na robo kuna tofauti ya kweli: chuma bora, mpangilio sahihi zaidi, kazi safi. Mara mbili, mara tatu, hata mara nne nitakubali. Mara kumi na mbili? Hapo twalipia jina. Jina lina raha yake, sikatai. Ila raha hailazimu kuitwa kitega uchumi.

Na hapo ndipo nimkamate mumeo.

Kwamba saa hizi hazishuki bei ni nusu ukweli wa watu wanaoziuza. Saa nyingi za kifahari, za majina mengi makubwa, ukitoka nazo dukani tu zimeshashuka kama gari lile alilolicheka. Zinazopanda ni mitindo michache ya kampuni chache. Hata hizo, wakati wa korona watu walikaa nyumbani na pesa rahisi, bei za saa za mkono wa pili zikaruka. Kilele chake kilikuwa mwanzoni mwa 2022, kisha riba zikapanda, pesa za kidijitali zikaanguka, na bei za saa zikateremka zaidi ya mwaka mzima. Aliyenunua kileleni kwa kuambiwa hazishuki anazo mpaka leo. Tena rafiki wa Deira hanunui kwa bei ya kiwanda. Anunua kwa mfanyabiashara aliyekwisha kuongeza chake, naye ataongeza chake, halafu kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Hapo mumeo ajua kunizidi, ndiyo kazi yake. Mwambie aikokotoe kama angemkokotolea mteja.

Kisha muulize ataiuza wapi. Wewe bangili waitoa asubuhi, waenda kwa sonara, adhuhuri una pesa. Saa ya milioni moja na robo hapa Mombasa utamfuata nani? Utangoja mteja mmoja, naye akijua una shida atakungoja wewe. Muulize ataifungua fundi gani. Saa ya kamani yahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta baada ya miaka kadhaa. Rolex wasema kiasi cha kumi. Kwenye kituo rasmi ni mamia ya dola. Na hewa yetu hii ya chumvi na jasho la Januari haviogopi jina la mtu: raba za kuzuia maji huchoka, unyevu ukaingia, na baba alifungua saa za watu wakubwa akakuta kutu inawacheka.

Lipo na la dini, na silisemi kwa fatwa, nanyi muulizeni sheikh wenu. Saa ya kuvaa ni saa ya kuvaa. Lakini mali iliyonunuliwa kwa nia ya kuuzwa kwa faida huhesabiwa bidhaa ya biashara, na bidhaa ya biashara ina zaka, asilimia mbili na nusu ya thamani yake kila mwaka. Kwa saa hii ni kama elfu thelathini na moja. Mwambie, mume wangu, tuiandike ni ya kuvaa au ni ya biashara? Utaona jinsi neno "kitega uchumi" litakavyotafuta mlango. (Kwa kuchagua ya chuma badala ya ya dhahabu amefanya vyema, dhahabu haimhalalikii. Hilo mpe.)

Mimi nadhani kitega uchumi ni kanzu aliyoivika kitu kingine. Mtu hatazami kitega uchumi usiku chini ya shuka. Ama aipenda tu, kama wewe unavyoweza kupenda kitu bila sababu, ama kuna mahali kazini amejiona mdogo. Kazi ya kutoa mizigo ni kazi ya kuaminiwa. Mteja akupa makontena ya mamilioni naye hakujui; atazama viatu, atazama gari, atazama mkono. Labda amekaa meza moja na wakubwa hoteli moja ya Nyali, wote wameweka mikono mezani, na yeye akauficha wake chini. Sikucheki, mwanangu, na usimcheke. Ila mwambie jambo moja kwa upole: asiyejua saa hawezi kuitofautisha ya milioni na ya feki ya elfu moja na mia tano, na anayejua saa atamheshimu mwenye Seiko safi kuliko anavyodhani. Na kila asiyejua atadhani yake nayo ni feki. Hii ndiyo adhabu ya kuvaa Rolex ya kweli mji huu. Wachache wasiodhani hivyo utawaona kwenye feri ya Likoni, wamesimama karibu mno na mkono wako.

Sasa la pili, ambalo wewe umelipita mbio.

Barua yako ni ndefu, umetaja mbuzi wa jirani, umemtaja mama mkwe. Bangili nne umezitaja mara moja tu, kama mtu aliyetaja chumvi kwenye mchuzi. Rudi hapo. Ulipozitoa 2021, ulizitoa hiba au mkopo? Mlisema? Dhahabu ile ni mali yako, haikuwa ya nyumba wala ya mumeo, na makazi ni wajibu wake si wako. Ikiwa ulisema "nenda nazo, nimekupa", basi umempa na thawabu zako zipo. Ikiwa alisema "nitakurudishia mambo yakiwa mazuri", kama waume wengi wasemavyo, basi mambo yamekuwa mazuri na lile ni deni. Alilipa madeni ya watu kabla hajahesabu milioni yake. La ndani amelisahau.

Na ujue jambo hili ulipeleke mezani: mwaka ule wa 2021 wakia ya dhahabu ilikuwa ikienda kwa dola 1,800 hivi. Oktoba 2025 ilipita dola 4,000. Shilingi yetu nayo haikubaki palepale. Bangili zile leo zingekuwa zaidi ya mara mbili ya bei uliyoziuzia. Kitega uchumi kilikuwa mkononi mwako, kikaenda chini ya zege Utange.

Haki ya kumkatalia? Nitakwambia kama mama yako: urithi wa babake ni wake. Mama mkwe hapo hakukosea. Huna haki ya kumwamuru, na ukijaribu utamkimbiza ainunue kwa siri, kisha mtakuwa na saa, deni na uongo ndani ya chumba kimoja. Lakini una haki ya kudai chako, na una haki ya kumkumbusha wajibu wake. Hizo mbili zatosha kabisa, huhitaji ya tatu.

La dada yako la kukubali ili nawe udai dhahabu mpya, liache. Hiyo ni kulipiza, na mwisho wake mabati hayapandi.

Fanya hivi. Usimwendee mbele ya mama yake wala akiwa na simu mkononi. Ngoja watoto walale. Anza kwa kumwambia saa umeielewa, na umweleze ile kamani na lile gurudumu linalopiga mara nane kwa sekunde. Atakutazama kama umetoka mwezini. Hapo chukua karatasi. Andika milioni moja na laki tatu. Toa laki sita na nusu za fundi, na usisahau kuongeza akiba, maana hakuna fundi wa Mombasa aliyewahi kumaliza kwa hesabu yake ya kwanza. Toa bangili, kama ni uzito kwa uzito au pesa kwa pesa, sheikh atawaamulia. Kinachobaki mwambie ni chako, nunua saa unayoitaka, wala sitakunja uso. Kisha usikunje kweli.

Nadhani hapo patabaki bei ya Tissot mpya, na huenda na zaidi kidogo. Akiipenda saa kwa kweli, ataipenda na hiyo. Akisema hiyo haitoshi, muulize haitoshi kwa nani, na umwache ajibu mwenyewe hata akichukua siku tatu.

Na akishikilia ileile ya Deira, basi awe na akili ya kazi yake. Rafiki asipewe hata amana kabla hajatuma picha ya namba ya saa, ya kadi ya dhamana na ya risiti yenye jina la duka. Feki za siku hizi zina uzito, zina mshale unaoteleza, na zafunguliwa nyuma ukakuta mtambo wang'aa. Baba alikuwa akizijua kwa lenzi tu, na wakati wake hazikuwa nzuri kama za sasa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ifunguliwe na fundi asiyemjua yeyote kati yao, na gharama ya fundi alipe muuzaji. Muuzaji akikataa, mshike mumeo mkono mrudi Utange mkamwone fundi wa mabati.